Vidole Vitatu Vilivyobaki

Ghorofa ya pili,
Nyuma ya kiwanda cha viatu.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Hujambo huko uliko? Na Shemeji, goti limetulia? Sisi wazima, isipokuwa kidole changu cha pete cha mkono wa kushoto, na hicho ndicho kilichonikalisha kukuandikia.

Kimekakamaa tangu Februari. Mpiga gitaa asiyekunja kidole hicho ni fundi cherehani asiye na mkasi. Nilificha, hata kwa mke wangu, nikisingizia baridi.

Jumanne nikaona heri nijitoe kabla sijatolewa. Nikawahi ukumbini, nikamkuta kiongozi wa bendi yetu ya jazi, mpiga tarumbeta tunayemwita Mapafu, akifuta ala yake kwa fulana kuukuu. Miaka ishirini na sita nimekaa kushotoni kwake.

"Kaka, tafuta mtu mwingine. Mkono umenisaliti."

Hakuinua hata kichwa. "Nani kakwambia nakuweka hapo kwa ajili ya vidole? Wenye vidole wamejaa mji mzima. Mimi namtaka anayejua wakati wa kunyamaza."

Machozi yakanitoka. Mtu mzima hovyo!

Basi tukapanga upya. Nyimbo za mbio akampa mpiga kinanda, za polepole nikabaki nazo kwa vidole vitatu. Jana alasiri tukapanda jukwaani. Katikati ya wimbo wa pili kile kidole kibovu kikanasa kwenye nyuzi, kikagoma kabisa kutoka. Badala ya kuhangaika, nikaacha pengo. Mapafu akaingia humo humo, akapuliza kitu ambacho sijapata kukisikia kwake. Ukumbi ukasimama kumpigia makofi, nami nikafurahi kama nimepigiwa mimi.

Uliniuliza lini nitatoa santuri yangu mwenyewe. Dada, nimepiga kwenye thelathini na nane za watu. Jina langu liko nyuma ya kava, kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Zamani liliniuma. Siku hizi nasema, husifiwa mchuzi, mafiga hayasifiwi; lakini haya, jaribu kupika bila mafiga!

Tena mwalimu wangu ulikuwa wewe. Ulikuwa ukifua huku unaimba, nami nakufuata kwa lile gitaa la nyuzi nne. Nikienda mbio, ulinirushia povu: "Usinipite, nisindikize!" Maisha yangu yote nimekula kwa neno hilo moja. Sijawahi kukushukuru. Leo nakushukuru.

Msalimie Shemeji, Shangazi na wale pacha. Mungu awazidishie afya, na sauti yako isikauke.

Wako akupendaye daima,
Kitindamimba wenu