Kwa Kaka Mwakio, Aliyempigia Kura Mpinzani Wake

Kaka yangu Mwakio,

Leo huku Lewisham, kwa Waingereza, tunachagua madiwani, na jina langu limo kwenye karatasi. Ndiyo, mimi, kitinda mimba wenu, yule uliyekuwa ukimbeba mgongoni kule Voi akikulowesha shati. Nimesimama kama mgombea binafsi. Chama sina, nina viatu vilivyoisha soli kwa kubisha milango ya watu nikiulizia kuvu za ukutani na lifti mbovu. Watu hawanitishi, nusu yao nimewauguza hospitalini. Wasiwasi wangu ni mmoja tu, na ungekuwepo ungeshaanza kunicheka: nikipewa ile karatasi, nitaweza kujipigia kura mwenyewe?

Maana wewe hukuweza.

Unakumbuka nilipokutembelea kwenye kijimji chako cha Amerika, ukanitembeza kama mwenye mji? Kulikuwa na nini cha kutembeza, jamani! Barabara moja, kanisa, ghala la nafaka, na ukumbi wa mikutano unaopakana na banda la gari la kuondolea theluji. Ukanisimulia historia nzima tumesimama kwenye baridi, meno yangu yakigongana: wakulima walifika na magari ya farasi, wakajenga kiwanda cha jibini, reli ikaja, mji ukanenepa. Halafu reli ikaondolewa, kiwanda kikafungwa, vijana wakafuata kazi kwingine. Waliobaki hawakufikia hata idadi ya wanafunzi wa shule yetu ya msingi.

"Lakini tunajitawala," ukasema, umetoa kifua.

Wadhamini watatu na karani, wote wa kuchaguliwa. Hao ndio walioamua barabara ipi itiwe kokoto, theluji iondolewe wapi kwanza, nyasi za makaburini zikatwe lini. Ukutani mwa ukumbi kulikuwa na picha za wadhamini wa zamani, baba, mwana, mjukuu, pua ile ile. Nikakuuliza fundi trekta kutoka Voi kama wewe ataingilia wapi hapo. "Kwa mlango," ukanijibu.

Na kweli ukagombea. Mpinzani wako alikuwa Bi Carol, mfugaji wa ng'ombe, jirani yako. Kampeni ukaifanya kikwetu: kila nyumba ukaingia, ukakaa, ukanywa kahawa yao chungu, ukauliza hali za ng'ombe na wajukuu, ukaondoka bila kutaja kura. Wakakupenda. Siku ya siku ukaingia kupiga kura, ukamkumbuka mama: "Ukijipigia mwenyewe, wenzako wakupigie ya nini?" Tulilelewa hivyo. Darasani, mtoto aliyejichagua kiranja alizomewa mpaka likizo. Basi ukampigia Bi Carol.

Kura zikalingana! Sheria yao ikasema ipigwe bahati nasibu. Karani akatia majina yenu kwenye kofia, akachomoa la Bi Carol. Ukanipigia simu unacheka mpaka unakohoa: "Dada, nimeshindwa na mimi mwenyewe."

Nilikasirika, kaka, sikufichi. Nilikuita mjinga. Bi Carol naye, ulipomwambia, alikukodolea macho: "Mimi nilijipigia. Sasa wewe ulikuwa unaomba kazi ya nini?" Msimu ule wa baridi alikupa wewe uendeshe gari la theluji, na kila mwenye shida ya barabara alibisha kwako, si kwake. Siku ya mazishi yako alisimama makaburini, akasema uchaguzi uliofuata kura yake ingekuwa yako. Nililia kuliko nilivyolia kanisani. Uchaguzi huo hukuufikia.

Asubuhi nimemuuliza binti yangu, ni vizuri mtu kujipigia kura? Akanijibu kwa Kiingereza chake cha Lewisham kwamba hilo hata si swali, akaendelea kula mkate. Mwenzetu hakulelewa na mama.

Acha niende, nitamalizia nikirudi.

Haya, nimerudi. Ukumbi wa kanisa, foleni fupi, penseli imefungwa kamba kana kwamba tutaiiba. Kwenye karatasi kuna jina la mama mmoja, mpinzani wangu, aliyenisalimia vizuri sana mlangoni. Ala! Mkono wenyewe ukaanza kwenda kwake. Nikausimamisha. Nikawafikiria wale wazee wa ghorofa za juu wanaopanda ngazi na mifuko ya sokoni, nikajiambia: wewe, unaitaka kazi hii au huitaki? Naitaka. Naiweza. Mama atanisamehe.

Nikatia alama kwenye jina langu, jina la baba yetu likiwa pembeni yake, nikatumbukiza. Nje nikacheka peke yangu mpaka dereva wa basi akanitazama.

Matokeo ni kesho. Huenda nikashindwa, kaka. Lakini safari hii watanishinda wengine.

Ni mimi dada yako, kitinda mimba,
ninayekukosa kila siku