Baiskeli Niliyomchagulia Wangechi

Jumapili, Julai 1997
Makongeni, Thika

Baridi imekaza tangu alfajiri. Manyunyu yanakuja na kuondoka, na jua hatujaliona siku ya nne leo. Naandika polepole kwa sababu kiganja cha kulia kimechubuka na kidole gumba hakikunjiki.

Nimekasirika. Nimekasirika mpaka chai imepoa mezani sijaigusa.

Nianze na Jumanne. Jumanne ilikuwa siku nzuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Alikuja dukani msichana anaitwa Wangechi, mtu wa Ruiru. Ndugu yangu Hamisi hakuwepo, nilikuwa peke yangu na mikono imejaa grisi. Duka la baiskeli alituachia Baba sisi wawili, lakini leseni ina jina la Hamisi na ubao wa mlangoni una jina la Hamisi. Ufundi Baba aliniachia mimi. Hamisi hawezi kunyoosha rimu hata ukimshikia. Anachojua ni kuongea, na wateja wakiingia humsalimia yeye kwanza, halafu wananiuliza mimi kama kuna maji ya kunawa.

Wangechi hakuuliza fundi yuko wapi. Aliniangalia mikono, akajua.

Alisema amepata kazi ya kupima miti kwenye msitu ule wa juu, kupita Gatanga. Kila siku ni kushuka kijia hadi mtoni na kupanda upande wa pili, kwenye matope, mizizi na mawe, na gari haliwezi kuingia. Aliyekuwa na kazi hiyo kabla yake alitumia black mamba, ile baiskeli nzito isiyo na gia, akawa anaisukuma zaidi ya kuipanda.

"Mimi nataka ya kupanda," akasema. "Na ya kushuka nayo nikiwa bado na meno."

Nilicheka. Nikajua huyu tutaelewana.

Tulikaa saa tatu nzima. Nilimwambia asahau rangi na stika, aanze na breki. Mlima wenyewe hauui mtu, kinachoua ni kushuka. Nikamsimamisha katikati ya kila fremu nione kama kuna nafasi kati yake na chuma, kwa sababu kwenye mteremko utajikuta umeweka mguu chini bila kupanga. Nikamwonyesha gia ndogo ya mbele, ile inayokuwezesha kupanda ukiwa umekaa, na tairi zenye meno makubwa yanayotema matope. Tukabaki na mbili, kisha moja. Ilikuwa ya kijani kibichi, mtumba, imechakaa, kiti kimepasuka, lakini chuma chake kilikuwa kizima kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilimpeleka nayo kwenye ule mteremko wa kuelekea mtoni, nyuma ya mikaratusi. Mara ya kwanza alianguka kwenye nyasi. Mara ya tatu alishuka amesimama juu ya pedali, makalio nyuma kama nilivyomwambia, akapiga kelele za furaha hadi watoto wakatoka kutazama.

Aliiacha nibadilishe waya za breki. Angekuja kuichukua Jumamosi.

Kuna kitu kingine cha Jumanne lazima nikiandike, hata kama sitaki.

Alipokuwa akitoka, aliinua kichwa akaona ile nyekundu iliyoning'inia kwenye kulabu nje ya mlango. Kila mtu huiona. Ina springi mbele, ina stika za njano, inang'aa. Akaniuliza, "Na hii?"

Nikamwambia, "Hiyo ni ya maonyesho tu."

Basi. Sikuongeza neno. Sikumwambia kwamba fremu ile ililetwa dukani kama chuma chakavu baada ya kugongana na lori, imepasuka shingoni, pale bomba la chini linaposhikana na la mbele. Sikumwambia kwamba niliichomelea mimi, nikaipiga tupa, nikaipaka rangi mara tatu, nikaifunga vyuma vizuri ili ivute watu dukani. Nilijivunia kazi ile. Ukipitisha kidole husikii kovu. Hamisi ndiye aliyeishikilia wakati nachomelea. Anajua kila kitu.

Ningemwambia Wangechi maneno kumi tu, yote haya yasingetokea.

Jana Jumamosi nilikuwa Majengo kwenye harusi ya binamu yetu, napika pilau na akina mama. Nilirudi baada ya alasiri nikakuta kulabu ni tupu.

Nikaingia ndani. Ile ya kijani pia haikuwepo.

Hamisi alikuwa amekaa kwenye kiti cha Baba anakula karanga. Akanieleza bila hata kusimama, kama mtu anayetoa habari njema. Asubuhi kuna jamaa alikuja na gari, akaitaka ile ya kijani, akaichukua hapo hapo. Baadaye Wangechi akafika. Hamisi akamteremshia nyekundu.

"Na ukamwambia nini?" nikamuuliza.

"Nilimwambia wewe mwenyewe umeamua kumwachilia hii nzuri kwa sababu umempenda. Alifurahi sana, kwanza anakusalimia."

Alitumia jina langu. Hilo ndilo lililonifanya nione giza. Msichana yule alikataa macho yake mwenyewe akaniamini mimi, na Hamisi akalichukua lile neno langu akalifunga kwenye baiskeli mbovu.

Nikamwambia ile fremu itakatika. Akacheka.

"Si ni wewe ulichomelea? Kama weldi yako haina maana, acha kujiita fundi."

Nilirusha spana ukutani. Mama akatoka jikoni akaniambia nimheshimu kaka yangu. Mimi ndiye niheshimu!

Wangechi alikuwa aanze kazi kesho, Jumatatu. Kwa hiyo leo asubuhi nilitoa baiskeli yangu, ile ya kijivu niliyoijenga kwa miaka miwili, kipande hiki leo na kingine mwezi ujao, nikaendesha kutoka hapa hadi Ruiru kwenye manyunyu. Sikuwa na mpango. Nilikuwa na hasira tu, na hasira ina miguu.

Wanakaa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la kahawa, kama alivyoniambia Jumanne, mama yake huchuma kahawa hapo. Niliwakuta ndio wametoka kanisani. Ile nyekundu ilikuwa imeegeshwa ukutani, wameifunika gunia isinyeshewe. Wangechi aliniona akaja mbio akanishika mikono yote miwili, "Ngai, Saumu! Umekuja kuniaga?"

Nikamwambia papo hapo, nikiwa bado nahema, kwamba asipande ile baiskeli. Nikamweleza lori, shingo, weldi, rangi.

Mikono yake ikaniachia.

Mama Wangechi ndiye aliyejibu. Alikuwa bado amevaa kitambaa cha kanisani. "Atĩrĩrĩ, hebu sikiliza, msichana. Jana ndugu yako ametuambia ni nzuri, na wewe ndiye umesema. Leo wewe unasema ni mbaya. Nyinyi mkigombania duka la baba yenu, msituingize sisi."

"Mama, sigombanii duka."

"Basi umepata mteja mwingine anaitaka. Nimekaa hii dunia, najua biashara."

Nilijaribu kumwonyesha mahali penyewe. Akapitisha kidole, hakusikia kitu. Hakika, ningewezaje kumlaumu? Niliifanya isisikike.

Nikasema, "Sawa. Nitaipanda mimi."

Nyuma ya nyumba zao kuna njia inashuka mtoni katikati ya miti, imejaa mizizi na mawe, na mvua ilikuwa imeifanya kama sabuni. Majirani wachache wakatoka kuangalia. Nikashuka mara ya kwanza, nikifunga breki kila penye mzizi ili uzito wote uende mbele. Ilishika. Nikaisukuma juu, nikashuka tena kwa kasi zaidi. Ikashika.

Mama Wangechi akapiga makofi, majirani wakacheka. "Sasa ubaya uko wapi?"

Hapa kuna aibu nyingine, na shajara ni ya kuandika ukweli. Ilipotulia chini ya mteremko mara ya pili, nzima, nilifurahi. Nilisahau nimefuata nini. Nilijisemea, kumbe mimi ni fundi. Kumbe weldi yangu ni chuma kweli. Kwa muda mfupi nilitamani ishike hata mara ya tatu, nirudi nyumbani nimwambie Hamisi afunge mdomo. Nilitamani hivyo huku nikijua kesho yake mtu mwingine angekuwa juu ya kiti kile, peke yake msituni.

Mara ya tatu sikuweza kuvumilia vicheko. Niliachia breki kabisa.

Nilisikia mlio kama wa kuni kavu. Usukani ukabaki mikononi pamoja na gurudumu la mbele, fremu ikaenda upande wake, na mimi nikaenda na kifua na kiganja juu ya mawe mpaka shina la mti likanisimamisha. Nilikaa pale kwenye matope sijui kama nilie au nicheke. Shingo ilikuwa imefunguka kama mdomo. Ndani ya mpasuko ungeweza kuona wazi mahali weldi ilipokuwa imeng'ata na mahali ilipokuwa imelala juu juu tu. Zaidi ya nusu ilikuwa juu juu tu.

Mama Wangechi alishuka mbio na viatu vyake vya kanisani, akaniinua mwenyewe. Aliniosha jeraha kwa maji ya chumvi na kulifunga kwa kipande cha leso.

Wangechi hakunikaribia. Alikuwa amechuchumaa kando ya fremu anaiangalia ile weldi kwa muda mrefu.

"Pale ninapoenda," akasema hatimaye, "njia inapita ukingoni. Chini ni mawe na mto. Na ningekuwa peke yangu."

"Najua," nikasema.

"Jumanne ulijua. Nilikuuliza."

Nikataka kumwambia kosa ni la Hamisi. Badala yake nikamwambia achukue ile ya kijivu, yangu, hata kesho asubuhi aondoke nayo. Kwamba breki zake ni nzuri, gia nimezipanga mwenyewe, fremu haijawahi kupasuka.

"Usiniambie," akasema. "Wacha nijionee."

Akaleta sarafu. Mbele yangu akaanza kukwangua rangi kwenye kila kiungo cha baiskeli yangu: shingo, chini ya kiti, kwenye pedali, nyuma, kila mahali, hadi chuma kikaonekana cheupe. Rangi ile niliipaka kwa brashi ndogo, jioni tatu. Nilisimama na kuangalia. Hasira ilinipanda, wallahi, nilitaka kumnyang'anya ile sarafu, na nilijua sina haki hata kidogo ya kusema neno. Alivuta breki moja moja, akainua gurudumu akalizungusha akitazama kama linayumba, akasimama katikati ya fremu kupima nafasi. Yote niliyomfundisha Jumanne. Hakunitazama hata mara moja.

Halafu akaipeleka juu ya ile njia na kushuka nayo. Akarudi, akashuka tena. Mara ya nne akasema, "Hii ndiyo naitaka. Nishushie kiti kidogo."

Nilikishusha kwa mkono mmoja. Sikuombwa kukaa kwa chai.

Nilirudi Thika kwa matatu na vipande viwili vya fremu vikiwa vimefungwa kwa kamba. Hamisi alikuwa dukani na wenzake wawili. Niliviweka juu ya meza mbele yake, kwenye karanga zake. Alitazama mpasuko, akatazama kiganja changu. Wenzake wakaaga haraka. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima na yote nikayasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia ndani ya duka la Baba. Kwamba siku nyingine akitumia jina langu kuuza kitu, nitasimama mlangoni nimwambie kila mteja. Kwamba kuanzia leo hakuna baiskeli inayotoka bila mimi kuwepo, la sivyo natoka na tupa zangu na mtungi wa gesi, abaki na ubao wake.

Alipitisha kidole kwenye mpasuko. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Nilidhani itashika. Wallahi, Saumu. Kazi zako huwa zinashika."

Nimekuwa nikilirudia hilo neno tangu wakati ule. Huenda ni uongo, maana Hamisi anajua kusema. Lakini kama ni kweli ni vibaya zaidi. Kama ni kweli, basi alimpa yule msichana ile baiskeli kwa sababu ananiamini mimi, kama Wangechi alivyoniamini, na mimi peke yangu ndiye niliyejua jinsi ya kuficha.

Bado nina hasira naye. Sitaki mtu aniambie niiache. Lakini haimtoshi yeye peke yake, imebaki nyingi, na najua pa kuipeleka.

Nimechukua karatasi nikaanza kuandika majina ya watu ambao nimewachomelea fremu tangu Baba afariki. Zile nilizozipiga tupa vizuri, zile zilizonifanya nijipongeze. Nimefika saba na bado nakumbuka wengine. Wa kwanza ni mzee wa Ngoingwa anayebeba maziwa asubuhi, mikebe miwili nyuma, na mjukuu kwenye bomba la juu.

Kesho kabla hajatoka nitakuwa nimesimama getini kwake. Sijui nitaanza na neno gani.