Kulala Nje Bila Kulinda Kitu

Nyamwage, Alhamisi alasiri

Baba,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini ndivyo ulivyonizoesha, siwezi kuanza kusema na wewe bila shikamoo hata sasa.

Nimekaa upenuni, kwenye kile kiti chako chenye mguu mmoja mfupi. Hakuna aliyekitengeneza. Mama kakataa. Anasema kinamkumbusha ulivyokuwa unayumba nacho na bado unabisha kwamba kiti ni kizima, sakafu ndiyo mbovu.

Eda ya Mama imekwisha juzi Jumanne. Katoka salama, kaoga, kavaa kanga mpya, wakamwombea dua. Na keshokutwa Jumamosi ndiyo siku tuliyoipanga kwa safari yetu ya Kigamboni, ile ya kupiga kambi ufukweni. Turubai liko tayari, gari la kutupeleka nimeshalipata, shule tumefunga. Lakini Mama hataki kwenda. Na neno la kumfanya aende ninalo mimi, Baba. Uliniachia wewe, na nimelikalia zaidi ya miezi minne kwa sababu ya aibu. Ndiyo maana nakuandikia wewe kwanza kabla sijamkabili yeye.

Unakumbuka ilivyoanza? Mimi na mwanangu Amina tulikuja likizo kutoka Kibiti, akakuonyesha picha kwenye simu yangu: mahema yamepangwa mchangani, watu wanaota moto, nyuma yao bahari, na kwa mbali maghorofa ya Dar es Salaam. Ukaishika ile simu mbali na uso, ukauliza hao watu wamefukuzwa na mafuriko ya wapi. Amina akakwambia wamekwenda kustarehe, na wanalipa. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Miaka yote hii nimelala nje bondeni," ukasema, "kumbe nilikuwa nastarehe na sijui."

Mimi nilidhani utaishia kwenye kucheka. Kesho yake asubuhi ukaniita, ukaniambia nichukue daftari na kalamu. Ukasema kama ni kulala nje, katika nyumba hii fundi ni wewe, tusije tukaaibika mbele ya watu wa mjini. Mahema ya kukodi ukayakataa, ati huwezi kulala ndani ya mfuko. Tutabeba turubai letu la kuanikia mpunga. Ukaanza kunitajia vitu na mimi naandika: panga, kamba ya katani, mikeka mitatu, vyandarua, chumvi, viberiti viwili maana kimoja kitalowa, sufuria lile lisilo na mkono, debe.

Nikasimamisha kalamu. Debe la nini? Lile debe lilikuwa la dunguni, kule juu ya jukwaa la miti la kulindia shamba, la kupiga kufukuza nguruwe wakivamia mpunga. Nikakuuliza baharini utamfukuza nani. Ukanijibu bila hata kutabasamu, "Watalii."

Karatasi hiyo ninayo hapa mapajani. Imechakaa pembeni na ina doa la chai. Neno debe lina mstari juu yake. Nitafika hapo.

Kwanza nikwambie balaa la Jumapili. Nilitaka kuona kama panya hawajalitoboa turubai, na pia nijue kulisimamisha, kwa sababu fundi wetu katutoka. Nikaamka mapema, nikalifunga kamba upande mmoja kwenye nguzo ya upenu na upande mwingine kwenye mkorosho, nikatandika majamvi chini ili nipime tutalala wangapi. Nilijiona hodari kweli. Mwalimu mzima nikasahau kitu ambacho hata Amina angekikumbuka, kwamba hapa kwetu turubai likisimama uani asubuhi na hakuna harusi, basi mtu kafa.

Saa tatu namwona Bi Mwanaidi, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, anakuja na kuni kichwani, kajifunga kanga kiunoni, analia. Nyuma yake wanawake wanne, mmoja kabeba mchele kwenye ungo. Nikaenda kuwapokea, nikauliza kwa upole nani amefariki. Bi Mwanaidi akatua kuni, akanikumbatia kwa nguvu, akasema, "Pole mwanangu, baba na mama ndani ya mwaka mmoja." Wanaume wawili walikuwa wameshakwenda kuazima majembe.

Mama alikuwa ndani, eda yake ilikuwa bado siku mbili. Akasikia kilio, akatoka na ufagio mkononi, akauliza, "Kafa nani?"

Baba, laiti ungeona. Yule mwenye mchele alitaka kukimbia. Bi Mwanaidi akafunga mdomo katikati ya kilio. Nikaeleza, turubai ni la safari tu, nalijaribu. Mama akatutazama mmoja mmoja, kisha akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini na ufagio wake. Nilikuwa sijamsikia anacheka tangu tulipokuzika. Akasema, "Kumbe nikifa mtawahi hivi. Kwenye harusi ya huyu Tatu wangu mlifika wali umeshapoa."

Basi kuni zimekuja, mchele umekuja, nani azirudishe? Tukapika. Tukakaa chini ya turubai lako tukala wali na kambale wa kukausha, na walioazima majembe nao wakala, wamenuna kidogo. Ilikuwa asubuhi nzuri. Halafu mmoja akauliza, hiyo safari ni ya wapi. Nikasema. Bi Mwanaidi hana ubaya, unamjua, lakini ulimi wake haukai. Akasema, "Yaani mjane atoke eda Jumanne, Jumamosi akalale ufukweni?"

Mama akaacha kula. Jioni akaniambia turubai nilikunje, yeye haendi popote. Kaka Shabani nimempigia simu kule Mbagala nikitegemea atanisaidia, akanijia juu yeye zaidi, ati nataka kumtia Mama aibu uzeeni, mambo ya kambi waachiwe wenye kazi ya kupoteza muda. Nimekata simu. Najua si adabu kumkatia kaka mkubwa, lakini nimemkatia.

Sasa turudi kwenye mstari.

Jioni ile ya mwisho, hospitalini Dar es Salaam, Mama amebaki huku nyumbani, ulikuwa umechoka lakini akili yako nzima. Ulikuwa umelazwa ghorofani kabisa, jengo lile ukaliita dungu la zege. Kutoka dirishani kulionekana kipande cha bahari katikati ya majengo mawili, ukakitazama wee, ukasema ulidhani ni kubwa zaidi. Halafu ukaniuliza kama karatasi ya safari ninayo. Nikaitoa kwenye pochi. Ukasema, "Futa debe." Nikafuta nikidhani umeamua kuwahurumia watalii. Ukanishika mkono. Ukasema, "Mama yako kalala nje na mimi misimu yote hiyo, na hakuna hata siku moja aliyolala tu. Nataka alale nje bila kulinda kitu." Ukafumba macho. Hilo ndilo neno nililolikalia.

Nimelikalia kwa sababu ya kilichofuata asubuhi yake, na hicho wewe unakijua.

Nilikuja saa ya kuona wagonjwa asubuhi na chupa ya uji. Niko mlangoni mwa wodi nikasikia sauti yako, ile ya bondeni, ile ya kuvuka shamba zima. "Mama Shabani! Kumekucha?" Wagonjwa wakageuka. Muuguzi akageuka. Nami niliijua ile sauti tangu utotoni. Wewe dungu lako lilikuwa upande wa mtoni, kwa ajili ya viboko, na Mama na sisi watoto dungu letu upande wa msituni, kwa ajili ya nguruwe. Kila alfajiri ulikuwa unaita hivyo kutoka juu ya miti yako, na Mama anajibu kutoka juu ya miti yetu, "Kumekucha, mpunga upo." Ndipo unashuka. Ndipo sisi tunachukua matope na fito zetu tunaanza kuamia ndege, kuwarushia matope wasile mpunga.

Nilijua jibu, Baba. Nilikuwa nalo mdomoni. Lakini nikaona watu wanatutazama, nikaona haya. Nikakimbilia kitandani nikakuinamia, nikasema kwa ukali, kama ninavyowasemesha wanafunzi, "Baba, nyamaza, hapa si dunguni." Ukaniangalia. Ukanywa uji vijiko viwili. Hukuita tena.

Saa saba niliporudi na wali, kitanda kilikuwa kimezungushiwa pazia.

Mama aliniuliza siku ya mazishi kama ulisema lolote mwishoni. Nikamwambia ulikuwa umelala. Nimemdanganya mama yangu siku ya kumzika mumewe. Nikimwambia neno la debe, ataniuliza na asubuhi yake, na mimi kudanganya mara ya pili siwezi. Hivyo naliacha jambo zima, na Mama haendi, na wewe ulichokitaka hakiwi. Kisa ni aibu yangu ya dakika moja.

Nasikia anapepeta mpunga nyuma ya nyumba. Naenda, Baba. Nikikaa hapa zaidi nitapata sababu nyingine.


Ijumaa, baada ya alasiri

Nimemwambia. Yote.

Nilianza kwa kumpa karatasi. Mama hasomi haraka, akapita na kidole mstari kwa mstari, akafika kwenye debe, akauliza mbona limekatwa. Nikamwambia kwa nini. Kidole chake kikabaki palepale. Halafu akauliza, kama nilivyojua atauliza, na asubuhi yake je? Nikamweleza ulivyoita na mimi nilivyokunyamazisha. Sikuweza kumwangalia. Nilikuwa nautazama ungo.

Akaikunja karatasi. Kisha akasema, "Kwa hiyo aliniita."

Nikasema ndiyo. Akalia kidogo, kilio cha kawaida, akajifuta na upindo wa kanga. Nilisubiri anilaumu. Badala yake akanisimulia kitu ambacho sikukijua, na wewe hukutwambia. Kumbe kulikuwa na siku alizokununia, akakunyamazia makusudi. Unaita, yeye kimya. Unaita tena, kimya. Basi unashuka mbio, unavuka shamba zima na maji yake, unafika magoti yote matope kutazama kama yu hai. Ukimkuta kanuna tu, unacheka, unarudi zako. "Hakunikasirikia hata siku moja kwa kunyamaza," Mama akasema. "Mimi ndiye nilikuwa nakasirika, kwa sababu alikuwa anacheka."

Sijui kama alisema hivyo ili kunifariji. Mama si mtu wa kufariji, unamjua. Lakini nililala jana, usingizi wa kweli, kwa mara ya kwanza tangu kile kitanda cha pazia.

Leo asubuhi nimemkuta kinuni anatwanga pepeta, ule mpunga wa kukaanga wa kubeba safarini, na mtu hatwangi pepeta ya kukaa nayo nyumbani peke yake. Sikuuliza kitu. Yeye mwenyewe ndiye akasema bila kuinua kichwa, "Debe libaki." Bi Mwanaidi alipopita na kuuliza pepeta yote hiyo ya nini, Mama akamjibu, "Mume wangu kanituma mahali." Bi Mwanaidi akaenda zake bila kuuliza la pili, na hilo nalo nilitaka ulijue. Baadaye akarudi na kifurushi cha korosho, ati tusikae na njaa huko.

Na Kaka Shabani kapiga simu mchana. Kazunguka wee, kauliza habari za mvua, habari za barabara, mwisho anauliza turubai letu linalaza watu wangapi. Yeye na mkewe watatukuta Kigamboni. Nikamwambia atakuja na mkeka wake.


Jumamosi, alfajiri

Baba, nafunga barua. Gari limeshafika barabarani, Amina kavaa viatu tangu saa kumi. Turubai limekunjwa, vitu vyote vya kwenye karatasi vipo, kasoro lile moja. Karatasi naiacha nyumbani pamoja na barua hii, ndani ya lile debe. Mama amekigeuza kiti chako kiegemee ukuta mvua isikipate.

Nakuahidi mambo mawili. Huko ufukweni Mama akilala, hakuna atakayemwamsha kwa jambo lolote, na mimi ndiye nitakayeona haliibwi hata sufuria. Na kuanzia sasa mtu akiniita mbele za watu, kwa sauti yoyote ile, nitamwitikia.

Mama anaita sasa hivi, nadhani umemsikia. Kasimama uani na fuko lake kichwani na kapaza sauti yako ileile, mpaka jogoo wa Bi Mwanaidi kanyamaza. "Tatu! Kumekucha?"

Nitamjibu. Ila kabla yake uko wewe, nimekuweka ukisubiri jibu muda mrefu mno na wodi nzima inasikiliza.

Kumekucha, Baba. Mpunga upo.

Mwanao,
Tatu