Mama Kaita Mara Mbili

Shoga, uko wapi?

Yule adui anayetuua kwenye gemu wiki nzima, yule anayejua tutakapojificha hata kabla hatujafika, nimemjua. Ni mdogo wangu. MDOGO WANGU wa chumba cha pili!

Nimejibanza nyuma ya tangi la maji, pale petu pa siku zote, huyo kaja kuninyemelea. Si unajua gemu hii ukimkaribia adui mnasikiana? Basi mama akaita toka jikoni, "Njoo uoshe sufuria!" Nikamsikia jikoni, nikamsikia na kwenye hedifoni. Mara mbili, shoga! Mara mbili!

Nikafungua mlango wake bila hodi. Si aliniapia kaacha gemu, anasomea mtihani? Kitabu kipo, ila mausi ya kompyuta ndiyo imelala juu yake!

Nikamwambia, "Msaliti mkubwa wewe! Nani kakuonyesha maficho yetu?"

Hata hakugeuka. "Dada, muulize shoga yako. Ndiye aliyeniingiza timu hii ya wapinzani wenu."

Wewe?

Naona tiki za buluu. Umesoma zote.

Mbona huandiki?