Kipimo cha Vumbi la Salamabila

Kasongo, tarehe 14 Aprili 2022

Yaya Magloire, kaka yangu mupenzi,

Jambo sana kutoka nyumbani. Uko muzima? Muke wako Nsimire na watoto wameamkaje? Sisi huku Mungu anatusaidia. Mvua ingali inanyesha, muhogo wa shamba la mama umesimama vizuri, na mume wangu Hervé anauliza utakuja lini kuula, maana yeye peke yake hawezi kuumaliza. Ninaandika kwa mukono sababu rezo ya simu yenu haishiki, na Pitchou anatoka kesho na motere, ile pikipiki yake, kuja huko.

Nina habari ambayo ninataka uisikie kwangu mbele ya kuisikia sokoni. Unajua biro yetu ya mazingira hapa ni watu wachache na meza mbili. Sasa jimbo limetuita tusaidie kutayarisha sheria mupya juu ya hewa. Kinshasa imeweka mupaka wa vumbi na moshi ambao mutu anaweza kuvuta bila kuharibika. Lakini jimbo letu lina sheria yake ya zamani, na ile inaruhusu vumbi karibu mara mbili ya mupaka wa taifa. Wakubwa wanataka jimbo lifuate kipimo kile kile cha taifa. Ila mbele ya kupiga kura, wanataka kujua hali ikoje, zaidi kwenye masini za kusaga majiwe ya dhahabu.

Mimi ndiye nimechaguliwa kuja na kamasini ka kupima vumbi, mwezi wa saba, Salamabila. Kwako, Yaya. Ninajua wewe ni prezida wa wenye masini wote pale. Ninajua pia kwamba masini yako ndiyo iliyonisomesha tangu baba afariki. Usikasirike. Nitalala kwako, Nsimire anipikie majani ya muhogo, sombe yake ile.

Mudogo wako,
Elsa


Salamabila, tarehe 2 Mei 2022

Elsa, dada yangu,

Pitchou amefika na matope mpaka kwenye nyusi, lakini barua yako ilikuwa kavu. Wote tuko wazima, Mungu asifiwe. Kachimène, katoto ketu, kameota meno ya mbele, kanauma kila mutu anayekabeba. Nsimire anasema sombe iko tayari tangu leo.

Nimesoma habari yako nikacheka, kisha kicheko kikakatika. Nikufungulie roho. Hapa masini zinanguruma toka asubuhi mpaka jua lizame. Bila kusaga jiwe, dhahabu haitoki, na jiwe kavu likisagwa linatoa vumbi. Nani asiyejua? Tunakula kwa vumbi hilo, tunavaa, tunaoa. Mutu wa Kinshasa anavaa pete tu, jiwe halijui. Leo atupimie hewa yetu kwa kipimo chake? Mukishusha mupaka, wengi watafunga, na vijana wangu nitawaambia nini? Alimasi yuko nami tangu siku niliyoiwasha masini hii mara ya kwanza. Ikinyamaza, watoto wake wanalala njaa.

Basi fanya hivi. Usingoje mwezi wa saba. Njoo sasa, mara mvua kubwa ikiisha kupita, majiwe yakingali na maji na njia ikiwa tope tupu. Pima hapo. Hautasema uongo hata kidogo, na sisi tutapumua. Ninakuomba kama yaya yako, si kama prezida.

Yaya yako,
Magloire


Kasongo, tarehe 21 Mei 2022

Yaya yangu,

Salamu, na busu kwa kale kenye meno. Sisi tuko wazima, ila Hervé ameanguka na baiskeli njia ya Lualaba, anachechemea kama kuku na hataki mutu amucheke.

Barua yako nimeisoma jikoni mpaka wali ukaungua. Siwezi, Yaya. Ukweli wa siku ya mvua ni ukweli, lakini si ule ambao watu wanavuta kiangazi chote. Nikipima kwenye tope, nitakuwa nimepima tope.

Unauliza kwa nini kipimo cha Kinshasa kitufikie. Mimi nakuuliza: kifua cha mutu wa Maniema kilichongwa kwa muti gani, hata kivumilie mara mbili ya kifua cha mwenzake? Ile sheria yetu ya zamani haikutupa kifua kingine. Ilitupa ruhusa tu.

Na wewe mwenyewe. Ulipokuja kwa matanga ya mama mukubwa, kila uliposimama kuimba ulikohoa mpaka wakakuletea maji. Ulisema ni vumbi la njia. Njia ilikuwa na mvua, Yaya.

Nitakuja mwezi wa saba. Ukinifungia mulango nitalala kwa wamasista wa parokia, na kutoka kule nitaendelea kukupenda.

Mudogo wako,
Elsa


Kasongo, tarehe 9 Agosti 2022

Yaya mupenzi,

Nimefika salama, mugongo tu ndio bado uko njiani. Pokea shukrani zangu kwa kitanda, kwa kuku, kwa maji ya moto kila asubuhi. Mulango haukunifungia. Ila ulinipa kila kitu isipokuwa neno, na wewe hukuzoea kuninyima neno.

Siku nilipoweka kamasini mbele ya masini yako, ulisema unakwenda Wamaza kutafuta mazutu, mafuta ya masini. Kila mutu alikuwa anayaona mapipa yako, yamejaa. Alimasi ndiye aliyenishikia meza isitikisike. Alikuwa mweupe toka nywele mpaka kope. Akaniambia: "Mama Elsa, hako kasanduku hakatapiga chafya kweli?" Tulicheka. Kisha akageuka, akakohoa mpaka akashika nguzo ya paa ili asianguke. Nikamuuliza ni tangu lini. Akasema: "Ni kifua kikuu, mama. Nilimeza dawa, zikaisha. Wakanipa tena, zikaisha. Kikohozi hakitaki kwisha."

Matokeo uliyasikia kwenye mukutano. Vumbi limepita mupaka wa taifa, limepita hata ule mupaka mulegevu wa jimbo. Yule bwana mwenye masini ng'ambo ya muto alisimama akapiga kelele: "Huyu ni dada wa prezida! Aandike namba ndogo, ama anataka kumuua kaka yake?" Watu wote wakakugeukia. Wewe ukaangalia mikono yako.

Niliandika namba kama nilivyoiona. Wasifikiri haikuniuma. Nilipokuwa naandika nilikuwa nakuona wewe, kijana, ukinivalisha viatu vya masomo.

Ninakuomba kitu kimoja. Mulete Alimasi, uje na wewe mwenyewe, mupigwe picha ya kifua. Hapa Kasongo au popote. Usinijibu juu ya sheria kama hautaki. Nijibu juu ya kifua.

Mudogo wako anayengoja,
Elsa


Salamabila, tarehe 6 Novemba 2022

Elsa,

Salamu kwako na kwa Hervé. Ninajua nimenyamaza muda mrefu. Pitchou alikuwa akiniuliza kila safari, "Hakuna barua ya Kasongo?" nami ninamujibu hakuna. Kwanza ilikuwa hasira. Baadaye hasira iliisha, ikabaki haya, na haya ni nzito kuliko hasira.

Alimasi amefariki. Tumemuzika juzi.

Mwezi wa tisa alishindwa kubeba mufuko. Siku ya pili akashindwa kupanda ngazi ya masini. Nikamuweka kwenye motere, nikakaa nyuma yake nikimushika kama mutoto, tukaenda mpaka hospitali yenye masini ya picha. Munganga akaweka picha kwenye mwanga, akaitazama, kisha akatutazama sisi. Akasema: "Huyu hana kifua kikuu. Hili ni vumbi la jiwe. Likiingia halitoki." Alimasi akanigeukia: "Patron, basi zile dawa nilikuwa nazimeza za nini?" Nikamuvalisha shati yake, kifungo kwa kifungo.

Muke wake Viviane hakunilaumu. Kwenye kaburi alinipa mukono, akasema aksanti kwa safari ya hospitali. Ningependa anitukane.

Wenzangu wanajitayarisha kwenda Kindu kupinga sheria mbele ya wadeputé, wabunge wa jimbo. Wanataka mimi niwe mudomo wao. Nimekubali kwenda. Nitapita kwako kwanza, unipeleke kupiga hiyo picha. Pumzi yangu haifiki tena juu ya kilima, nilikuwa ninamuficha Nsimire, kumbe yeye alikuwa anajua na ananificha mimi kwamba anajua.

Yaya yako,
Magloire


Kasongo, tarehe 8 Januari 2023

Yaya yangu wa mwaka mupya,

Baraka kwako, kwa Nsimire na watoto. Noeli ilikwendaje? Tangu uondoke nyumba imekuwa kubwa. Hervé anakaa kwenye kiti chako akisema anakitunzia joto.

Usisahau maneno ya munganga aliyeisoma picha yako. Alama ziko kwenye mapafu yako na hazitafutika, lakini ukitoka kwenye vumbi zinaweza kusimama pale zilipo. Nimeyarudilia hapa sababu najua ulivyosikia nusu ya kwanza tu.

Uliondoka Kindu kura haijapigwa, basi nikupe habari. Lakini acha kwanza niseme yangu. Siku ile nilikuwa nimesimama nyuma kabisa, nyuma ya wenzako. Yule mama mudeputé alipokuuliza, "Prezida, wenye masini wanaomba nini?" nilifunga macho. Nikasikia sauti yako: "Wenzangu wanaomba mutuachie sheria ya zamani. Mimi nilikuja kusema hivyo. Lakini nina mutu nimemuzika." Halafu ukawasimulia Alimasi, pole pole, ukikatika kwa kukohoa. Na mwishoni: "Kama mupaka wa taifa ungekuwa wetu, mutu angekuja kunifungia masini, na mimi ningemutukana, na Alimasi angekuwa nyumbani kwake." Wenzako walitoka mumoja mumoja. Ulibaki peke yako kwenye ile meza ndefu. Nilitamani kukukimbilia, lakini biro yetu hairuhusiwi kukimbilia upande wowote.

Sheria imepita, Yaya. Sasa kipimo cha jimbo ni kile kile cha taifa. Ila wameongeza kifungu: wenye masini wanapewa miaka miwili ya kujitayarisha. Wenzangu wa biro walipiga makofi. Mimi nilitoka nje nikalia. Miaka miwili ni Alimasi wangapi?

Uza hiyo masini, rudi nyumbani. Shamba la mama liko, nafasi iko.

Mudogo wako,
Elsa


Salamabila, tarehe 19 Machi 2023

Elsa wangu,

Jambo sana, na pole kwa machozi ya Kindu. Tuko wazima. Ninatembea asubuhi mpaka mutoni na kurudi, nikisimama njiani kujifanya naangalia ndege.

Nilitaka kukutii. Mununuzi alikuja, mutu wa mbali, anatoa bei nzuri. Nsimire alikuwa amekwisha kufunga vyombo moyoni. Nikamuuliza yule bwana: "Utasaga namna gani?" Akasema: "Kavu, kama wewe. Sheria imetupa miaka miwili." "Na utaiweka wapi?" "Hapa hapa." Unajua hapa hapa ni wapi: ukuta wa nyumba yangu upande huu, nyumba ya masomo ya watoto upande ule. Nikamuambia masini haiuzwi. Alifikiri ninataka aongeze bei.

Tuliifungua vipande vipande, tukaishusha kando ya kijito, mbali na nyumba za watu. Nimeweka mufereji unaomwaga maji juu ya majiwe toka yanapoingia mpaka yanapotoka, vumbi lisiruke. Matope tunayakinga kwenye shimo yasirudi kwenye kijito. Kazi imekuwa ya pole pole. Vijana wengine wameniacha, wamekwenda kwa masini zinazosaga kavu, sababu kule wanamaliza haraka. Sikuwalaani. Waliobaki wanaloana kutwa, wananung'unika baridi, na wanacheka. Viviane anawapikia.

Wenzangu walikutana wakachagua prezida mwingine. Hawakuniita. Lakini juma lililopita yule bwana wa ng'ambo, yule aliyekupigia kelele, alifika eti kunisalimia. Alizunguka masini, akagusa mufereji, akauliza maji ninayapandisha namna gani. Nilimuonyesha. Akasema, "Mimi nimepita tu," akaenda. Keshoye akarudi na fundi wake.

Vumbi la Salamabila halijaisha, usije ukaandika hivyo huko biro. Upepo ukitoka upande wa wengine, bado tunafunga madirisha.

Lakini leo haukutoka huko. Tangu nimuoe Nsimire, nguo zetu tunazianika ndani, juu ya viti na vitanda, sababu nje zilikuwa zinakauka na rangi ya udongo. Leo nimerudi kutoka kijitoni nikamukuta amefunga kamba uani, toka nyumbani mpaka kwenye mupapayi, na ameanika mashuka yetu ya ndoa, yale meupe. Nikasimama. Akasema: "Unaangalia nini? Shika upande ule, yanagusa chini." Nikashika. Tukakaa mulangoni wawili, bila kazi, mpaka yakauke. Kisha Nsimire akateremusha moja, akajipanguza nalo uso wote, akanigeuzia nione. Lilikuwa jeupe.

Yaya yako,
Magloire