Maziwa ya Maimuna

Jumatano, Naif, njiani kurudi Mombasa

Leo tena amekataa titi. Tangu tumchukue kule China, Maimuna akiliona tu hugeuza uso akaitafuta chupa yake. Simlaumu. Amekulia nyumba ya mayatima, nani angemzoesha?

Lakini nataka anywe maziwa yangu kabla hatujafika Mombasa. Akiyanywa, Salim wangu, ambaye bado namnyonyesha, atakuwa kaka yake wa kunyonya, na Hamisi mume wangu atakuwa baba yake. Asipoyanywa, akikua atajifunika mbele yao kama mgeni, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Hilo linanichosha kuliko safari.

Jioni wifi Zuhura, huyu tuliyefikia kwake, alinikuta nalia.

"Wewe nawe! Titi halitaki, maziwa je? Kamua umtilie kwenye chupa. Shekhe wetu alishasema, cha muhimu ni ashibe, mara tano."

"Na Salim?"

"Salim ana mashavu kama maandazi. Atavumilia."

Nikakamua mpaka vidole vikafa ganzi. Maimuna akaonja, akasita, akanitazama kwa muda. Nilidhani atatema. Akavuta, akavuta, mpaka chupa ikabaki inalia upepo.

"Hiyo moja," Zuhura akasema. "Zikitimia tano, khalas, hakuna wa kumwita mgeni."

Salim aliponijia nilikuwa sina kitu. Nilimpa uji, akausukuma, akanipiga kifuani, akanuna mpaka usingizi ukamchukua.

Nisamehe, mwanangu. Leo nilikuwa nakutafutia dada.