Ulisema Tukutane Genova

Genova, stesheni ya Principe
Jumamosi, 10 Mei, asubuhi

Dada Nives,

Habari za tangu Krismasi? Mimi mzima, ila shingo imekakamaa kwa kulala nimekaa kwenye treni. Mama hajambo, goti tu ndilo linamsumbua akishuka ngazi za kanisani.

Nimefika. Niko chini ya sanamu ya Kolombo kama tulivyokubaliana, begi mgongoni, kofia ya kijani, huwezi kunikosa. Nimeizunguka sanamu yenyewe nikidhani labda wewe umesimama upande wa pili. Mlevi mmoja kaniuliza kama nimepotelewa na mbwa.

Mama anajua napita tu hapa kuelekea vijiji vya pwani vya Cinque Terre kwa treni za bei chee, maana bosi wa kiwanda cha mbao kanipa wiki ya mapumziko. Jina lako sikulitaja, naye hakulitaja. Lakini nilipokuwa nafunga begi alisimama mlangoni muda mrefu, akasema, "Huko pwani kuna upepo," kisha akaenda kukamua mbuzi. Sijui alimaanisha upepo au kitu kingine. Tangu ulipoondoka na Sandro, kila anachosema Mama nakisikia mara mbili.

Uko wapi? Simu ninayo mkononi, nijibu.

Mdogo wako,
Elvio


Genova, asubuhi hiyo hiyo

Elvio wangu,

Karibu. Mimi sijambo, sijambo kabisa. Unisamehe, nimepata dharura kidogo. Itaisha sasa hivi, kila mtu hapa ananiambia hivyo.

Usisimame hapo kama mzigo uliosahaulika. Shuka mtaa wa Via Prè, ingia vichochoroni, nunua fokacha, ule mkate bapa wa mafuta, ya vitunguu. Ukiila igeuze juu chini, chumvi iguse ulimi, wasikujue kama ni mtu wa milimani. Halafu uliza lifti ya Castelletto, upande, ukae kwenye benchi pale juu. Mchana nitakukuta.

Sandro yuko melini mpaka Juni. Na maswali usiniulize. Ngoja

Haya, nimerudi. Nenda, bwana, uone mji.

Dada yako,
Nives


Castelletto, mchana

Dada,

Natumaini hujambo, ingawa mimi sasa sijambo kwa nusu tu.

Vichochoro vyenu vilitengenezwa na mtu aliyekuwa anamkimbia mdai wake. Nimepita chini ya kamba za nguo, nikapita kona yenye sanamu ya Bikira Maria, nikapita tena kona ile ile, Bikira akaanza kunitazama kwa huruma. Nikamuuliza bibi mmoja aliyekuwa anamenya maharage dirishani:

"Shikamoo, bibi. Lifti ya Castelletto ni wapi?"

"Kwani miguu ina nini?"

"Haina kitu."

"Sasa lifti ya nini? Ngazi hizo hapo!"

Nikapanda ngazi, nikapanda, nikatokea uani kwa mtu, mbwa akanishusha zote. Lifti nimeipata baadaye, mlango wake uko ndani ya handaki. Nani anatafuta kitu cha kwenda juu kwa kuingia chini ya ardhi?

Mji nimeuona: mapaa ya kijivu, bandari, bahari. Ni mzuri. Lakini mimi sikuja kuona mapaa. Kila mwanamke anayetoka kwenye lifti nainuka, nakaa. Wapenzi wawili wamehama benchi kwa sababu yangu.

Nimekukosea nini? Kama hutaki kuniona sema, nitapanda treni yangu nipotee zangu.

Mdogo wako,
Elvio


Genova

Elvio usiondoke

Nenda Boccadasse, kuna bahari, nitakuja huko. Hapana, ni mbali, usiende. Kaa hapo hapo. Au shuka.

Kweli uko peke yako? Mama hakukufuata nyuma?

Niambie kweli

N.


Mbele ya duka la mikate, alasiri

Dada,

Salamu nyingi. Sasa nimechanganyikiwa rasmi.

Mama anifuate kwa goti lile? Amewahi kuvuka mto wetu mara ngapi? Niko peke yangu, nakuapia.

Sikwenda Boccadasse wala sikukaa. Nimekwenda kwako, kwa ile anwani ya kwenye kadi ya Krismasi. Nimebonyeza kengele mpaka mwenye duka la chini akatoka, unga mpaka kwenye nyusi. Anaitwa Bi Pinuccia. Haya ndiyo tuliyosemezana:

"Unamtaka nani?"

"Nives."

"Nives hayupo. Tumbo limemshika tangu alfajiri, mimi mwenyewe nimembebea mkoba mpaka kwenye teksi. Wewe ndiye baharia?"

"Mimi ni mdogo wake. Kwani alikula nini?"

Akanitazama kama aliyeulizwa kwa nini bahari ina maji. Halafu akacheka mpaka akashika mlango.

"Alichokula," akasema, "alikula mwaka jana, mwezi wa nane! Jamani, huko kwenu milimani mnafuga mbuzi kweli nyie?"

Akaingia ndani akiwaita wenzake waje kunitazama.

Dada, ni kitu gani mtu anakula Agosti kikamuuma Mei? Ni dagaa wale wa chumvi? Kama ni sumu nijibu. Naogopa.

Mdogo wako,
Elvio


Bandarini, jioni inaingia

Dada Nives,

Hujajibu. Nimekaa ukingoni, miguu inaning'inia juu ya maji. Nimekula fokacha ya pili na sikusikia ladha yake.

Nilikuwa nikiyarudia maneno ya Bi Pinuccia moja moja, mkoba, teksi, mwezi wa nane. Halafu nikakumbuka namna alivyoniuliza kuhusu mbuzi. Nikahesabu kwa vidole, nikarudia, nikasimama ghafla mpaka mvuvi aliye karibu yangu akanishika fulana akidhani najitupa.

"Dada yangu anazaa," nikamwambia.

"Sasa mbona uko hapa na mimi?"

Nikakaa tena, nikatoa simu.

Treni ya Cinque Terre imeondoka bila mimi, na iende. Sikasiriki. Labda nakasirika kidogo. Sijui nacheka au nalia, yule mvuvi anasema vyote viwili. Niambie hospitali ipi. Niambie tu kama uko hai.

Elvio wako


Hospitali, Jumamosi usiku

Mdogo wangu mpenzi,

Niko hai. Tuko wawili. Ni msichana. Ana sauti ya Mama akiita mbuzi.

Nilipanga nikusubiri pale kwenye sanamu na tumbo langu, ulione mwenyewe, maana kuandika nilishindwa. Yeye akaamua kuja wiki mbili mapema, siku yako. Kila maumivu yakipoa nilikuwa nakutuma mahali, nisikie kwamba kuna mtu wangu anatembea mjini humu. Mkunga alitaka kuninyang'anya simu.

Mama alisema kuhusu Sandro kwamba aliyemwacha mke mmoja atamwacha na wa pili, na kwamba nisirudi kumlilia. Basi niliogopa ungemwambia. Halafu nikaogopa usingemwambia. Mpaka sasa sijui lipi lilinitisha zaidi.

Njoo. Waambie wewe ni ndugu, watakufungulia.

Dada yako,
Nives


Genova, stesheni ya Principe
Jumapili, 11 Mei, mchana

Dada,

Umeamkaje? Na yeye ameamkaje? Jana nilimbeba kama mtu aliyebeba bakuli la supu lililojaa, mkono bado unaniuma.

Usikasirike. Asubuhi nimempigia Mama. Sikukuomba ruhusa kwa sababu ungekubali, ungekataa, ungekubali tena.

Nilimwambia mara moja, bila kuzunguka. Nikasikia kengele za mbuzi tu. Kisha akauliza, "Ana nywele?" Nikasema anazo. "Analazwa chali au ubavu?" Nikasema sijui. "Sasa wewe unajua nini?" Akakata.

Nikakaa nimeduwaa, nikidhani nimeharibu kila kitu, sitathubutu kukutazama usoni. Muda mrefu ukapita. Simu ikalia tena, ni Mama, nyuma yake kuna kelele za magurudumu.

"Elvio, nimeona bahari. Nishuke?"

Dada, amepanda treni peke yake kutoka kwetu Cuneo. Amepanda isiyo yenyewe. Yuko Ventimiglia, mpakani kabisa mwa Ufaransa, na anamgombeza mkuu wa stesheni kwa nini Genova yao haina hospitali.

Nimemwambia akae kwenye benchi asisogee. Naenda kumleta. Mwambie mtoto ninachelewa kidogo.

Mjomba